Uholanzi na Kwetu, kwa Kipimo cha Bwana Shamba

Bwana Shamba wetu alisalimia nyasi kwanza, watu baadaye. Akifika kwenye mji wa mtu aliegemeza baiskeli kwenye ua wa minyaa, akachungulia malishoni, akaguna au akatikisa kichwa, ndipo akawageukia wenyeji na kusema, "Mwadila." Ukimwitikia, aliuliza habari za malisho, halafu ng'ombe, halafu kisima, halafu watoto. Mume wa mtu alikuja mwisho, tena akikumbukwa. Mama yangu alikuwa mjane, na alisema hicho ndicho kilichomfanya amzoee haraka: alikuwa mgeni pekee ambaye hakuanza kwa kumpa pole.

Kwao wapi na ukoo gani, sijui, wala sikuwahi kuona kama yananihusu. Serikali ilimleta kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka Bariadi, aje kutufundisha kupanda pamba kwa mistari. Mistari wengi waliiacha baada ya misimu miwili. Yeye alibaki.

Alikuwa na kipimo cha mvua nyuma ya ofisi ya kijiji, amekizungushia miiba ili mbuzi wasinywe takwimu zake. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kukisoma, hata kiangazi, hata siku ambayo kila mwenye macho aliona kwamba hakuna kitu. Mwaka mmoja mvua zilichelewa mpaka watu wakaanza kununiana bila sababu. Alfajiri moja mama, akitoka kisimani na ndoo kichwani, alipita pale, akatazama huku na huku, akachota kikombe kimoja na kumimina humo. Alitaka tu kuona itakuwaje.

Saa tatu Bwana Shamba akakuta maji. Ardhi yote ilikuwa kavu. Alichovya kidole, akakilamba, akapanda baiskeli moja kwa moja mpaka kwetu.

"Mayu," yaani mama, akamwambia, "jana mvua imenyesha. Imetokea kisimani kwako."

Kisima chetu kilikuwa na chumvi kidogo, na mvua haina chumvi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Shamba hakukasirika kwa utani wenyewe. Kilichomuudhi ni kwamba alikuwa ameshaandika kwenye daftari kabla ya kulamba, tena kwa wino.

Habari za Uholanzi zilianza na binti mmoja wa huko, aliyekuja na mradi wa kupanda miti. Jina lake halikukaa vizuri midomoni mwetu, watu wakamwita Minzi, yaani maji kwa Kisukuma, kwa sababu kila alipoulizwa kwao kukoje alijibu kwamba kwao ni maji. Bwana Shamba alipewa kazi ya kumtembeza. Walianza kwa kuheshimiana, baada ya mwezi wakawa wanabishana kila siku, na wote wawili walionekana kunenepa kwa ubishi huo. Walichobishania kilikuwa kimoja tu: dunia ikizidi kupata joto, kama redio ilivyoanza kusema, nchi gani itaumia zaidi, ya Minzi au yetu?

Siku moja uani kwetu Bwana Shamba aliomba beseni la maji na bakuli. Alilikandamiza bakuli tupu katikati ya beseni mpaka kingo zake zikabaki juu kidogo ya maji.

"Hii ndiyo Uholanzi," akasema. "Watu wako humu ndani. Na ng'ombe wao."

Bibi jirani yetu aliinama akachungulia ndani ya bakuli kwa muda mrefu. "Walikosa nini mpaka wakakaa humo?"

"Walikosa milima, bibi."

"Au walifukuzwa?"

"Hapana, bibi," Minzi akajibu kwa Kiswahili chake cha kukata kata. "Tulipapenda."

Bibi akamshika mkono. Toka siku hiyo kila Minzi alipopita, bibi alimpa kitu cha kula, viazi au karanga, kama mtu aliyetoka msibani.

Ubishi huo ulikuwa na uwanja wake mkubwa, nao ni foleni ya kupima pamba. Ilikuwa enzi za ruksa. Zamani pamba yote ilikwenda chama cha ushirika, sasa malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yanashindana kuingia vijijini, na watu walishinda wamekaa juu ya marobota yao wakisubiri mizani. Bwana Shamba hakuweza kuona watu wamekaa bila kuwafundisha. Alichora mstari mavumbini, upande mmoja Uholanzi, upande wa pili kwetu, akawa anaweka punje za pamba. Kila hatari punje moja.

Uholanzi: bahari. Punje moja. Mito inayotoka nchi nyingine ikiwa imejaa. Ya pili. Halafu akaweka ya tatu, akasema kwamba huko kuna panya wa majini anayetoboa kuta zinazozuia bahari.

"Panya?" mtu akauliza.

"Panya."

"Panya mmoja anaweza kuizamisha nchi? Basi hiyo siyo nchi, hiyo ni ghala."

Ilipofika zamu yetu, kila mtu alikuwa na punje ya kuongeza. Ukame. Mvua inayonyesha siku moja ikabeba shamba lote mpaka ziwani. Viwavi. Tembo wanaotoka hifadhini. Kwato za ng'ombe wetu wenyewe, akasema Bwana Shamba, na hapo wazee wakakohoa. Nyumbu, akaongeza, ambao mto ukikauka hawana pa kuhamia, maana tumelima kila pahali. Mzee mmoja akauliza kama wachawi wanahesabiwa. Bwana Shamba akafikiri kwa haki kabisa, akasema hapana, hao wako pande zote mbili, wanafutana.

Punje zetu zilikuwa rundo. Watu wakashangilia kwamba tumeshinda, kisha wakanyamaza walipokumbuka tumeshinda nini.

Hata ndege waliingizwa kwenye kesi. Mvua zikianza, korongo weupe hushuka mashambani kwetu kula viwavi. Minzi alipowaona mara ya kwanza alipiga kelele kwa furaha: "Hawa ni wa kwetu! Huko wanajenga juu ya mapaa!" Bwana Shamba akauliza wamekula wapi mwaka huu. Hapa. Wamekunywa wapi? Hapa. "Basi huko kwenu wanakwenda kulala tu," akasema. Walibishana juu ya uraia wa korongo mpaka korongo wenyewe wakaondoka.

Nisije nikamfanya mcheshi tu. Mle ndani ya ubishi wake mlikuwa na jambo lililomnyima raha, na siku moja nilimsikia akilisema bila mzaha. Mimi nilikuwa nauza mitumba mjini Bariadi, na Jumapili hiyo nilikuwa nimerudi nyumbani. Minzi alikuwa amesema kwamba kwao ukuta ukivunjika, sehemu kubwa ya nchi inakwenda kwa siku moja, kwa hiyo wao ndio walio hatarini zaidi.

"Hapana," Bwana Shamba akamjibu. "Kwenu maji yakija, mtakimbia pamoja, na mtajenga pamoja, kwa sababu ukuta ni mmoja. Kwetu ukame ukija, kila mtu anakimbia na ng'ombe wake. Nchi inakwenda ekari moja, ekari moja, na hakuna anayepiga yowe."

"Kwa hiyo ninyi hamna ukuta?" Minzi akauliza.

"Tunao. Ule pale." Akanyosha mkono kuelekea ngitili ya mama.

Ngitili ni kipande cha malisho ambacho wenyewe tunakifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, shoka haliingii. Nyasi zinakua mpaka kifuani, zinakaukia pale pale, miti inapumua, na kiangazi kikikaza ndipo panafunguliwa. Ukiingiza ng'ombe kabla ya siku, sungusungu watakutoza, na utaimbwa kwenye ngoma. Ya mama ilikuwa ekari sita, aliachiwa na baba. Ya Bwana Shamba, aliyogawiwa na kijiji, ilikuwa ekari sita vilevile, imepakana na yetu, katikati ni safu ya minyaa tu. Mle mlikuwa na migunga, kanga, asali, dawa za tumbo, na kuni za mama. Wazungu walikuja kujifunza, Bwana Shamba akatualika tusikie akieleza kitu ambacho babu zetu walikuwa wanakifanya kabla hajazaliwa. Tulimpigia makofi.

Sasa niseme na upande wake wa pili, maana alikuwa nao, na alikuwa nao wazi.

Alichukia mkaa. Angeweza kusimamisha baiskeli ya mtu aliyebeba gunia la mkaa na kumhutubia mpaka tairi lipungue upepo. Lakini siku ya mnada wa ng'ombe ungemkuta mbele ya nyama choma, mikono ina mafuta hadi kwenye viwiko. Ukimuuliza mkaa huo umetoka wapi, anakujibu kwamba mti huo ulikufa wenyewe. Watu wakawa wanasema miti ya Bwana Shamba ina adabu sana, hufa siku ya mnada.

Alihimiza kila mji upande miti kumi, na kwake hapakuwa na kivuli cha kutosha kuku na vifaranga. Alihubiri ng'ombe wachache wenye afya, akawa nao kumi na mmoja ambao aliwaita "wachache" kwa uso mkavu. Mama alimjumlisha kwa maneno machache: "Maneno yake ni mazuri kuliko yeye." Alisema kwa upendo, nadhani, lakini alisema.

Halafu ukaja msimu ambao malori yalikuwa mengi kuliko pamba. Wanunuzi walipandishiana bei mbele ya macho yetu na kulipa hapo hapo. Kijiji kizima kikapagawa na pamba. Watu walilima hadi mlangoni. Asubuhi moja tulisikia shoka upande wa pili wa minyaa. Mama alidhani ni wezi wa miti, akatoka na fimbo. Hakuwa mwizi. Alikuwa Bwana Shamba, amevua shati, anaangusha mgunga wake, na nyuma yake maksai wa kukodi wanangoja.

"Bwana Shamba," mama akamwita. "Kulikoni?"

Alijifuta jasho. "Hili litakuwa shamba la majaribio."

"Majaribio ya nini?"

"Ya pamba."

"Ambayo tunalima tangu wakoloni?"

Akaurudia mgunga wake. Kwa wiki moja ekari sita ziliisha zote. Mama naye alishikwa na tamaa, sitamficha. Ada za kaka zangu watatu, wote wadogo kwangu, zilikuwa zinamsubiri, na wakala wa mnunuzi alikuwa ameahidi kumletea mbegu mpaka mlangoni. Siku aliyomwita mtu wa kukata, Bwana Shamba aliruka minyaa mbio, shoka lake bado liko begani.

"Usikate, mayu! Nakusihi, usikate!"

"Na wewe je?"

"Mimi ni mtumishi wa serikali," akasema. "Nina ruhusa ya kukosea."

Mama alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye lile shoka. Akamwambia yule mkataji aende zake. Mpaka leo sijui kama alisadiki maneno au alichukizwa tu kufanana naye. Ada tulilipa kwa kuuza ng'ombe wawili na mitumba yangu mingi.

Bwana Shamba alivuna vizuri msimu huo. Alinunua redio kubwa na bati za kuezekea upya. Msimu uliofuata mvua haikuja. Kipimo cha nyuma ya ofisi kilikaa kitupu hata mama angekihurumia tena. Pamba ilikauka ikiwa magotini, nyasi za pembezoni ziliisha, watu wakaanza kuswaga ng'ombe mbali, wengine mpaka kwenye mipaka ya hifadhi ambako walikamatwa. Ng'ombe wa Bwana Shamba walikonda hadi ukaweza kuwahesabu mbavu ukiwa barabarani.

Alikuja kwetu asubuhi, amevaa shati lake la ofisini lililonyoshwa. Safari hii hakuchungulia malishoni. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kuzungumza habari za Uholanzi. Minzi alikuwa ameshamaliza mkataba wake na kurudi kwao, lakini alikuwa ameandika barua, na Bwana Shamba akatueleza jinsi huko wanavyoinua kuta zao mwaka hadi mwaka, udongo unaotumika, pampu zinazosukuma maji. Mama alikuwa anatwanga. Alimwacha azungumze. Nilimwona akitwanga polepole, ili mgeni asipate kisingizio cha kusema anamchelewesha na kuondoka.

Mwishowe mama akaweka mchi chini.

"Bwana Shamba, leo acha nchi za watu. Linganisha kwangu na kwako."

Bwana Shamba akageuka kutazama ngitili. 

"Kwako kuna nyasi," akasema.

"Walete."

Aliwaleta wote kumi na mmoja, wakakaa ndani ya ngitili yetu mpaka mvua ziliporudi, na hakufa hata mmoja. Niseme ukweli, mimi nilikuwa na hasira. Nyasi zile zilikuwa za ng'ombe wetu, na mtu huyu alituzuia kuvuna fedha ambazo yeye alizivuna. Hasira iliongezeka nilipomsikia sokoni akiwaeleza watu kwamba mifugo yake imepona kwa sababu ya "lishe maalumu". Nilimwendea mama nikamweleza. Mama alisema tu, "Mwache. Ana kazi ya kufundisha watu. Wakimcheka watamsikiliza nani?"

Kwa miaka yote iliyofuata hakusema nyasi zile zilikuwa za nani. Alifundisha ngitili kwa bidii maradufu, akiionyesha ya mama kwa kidole kila wageni walipokuja, na shamba lake la majaribio, ambalo sasa lilikuwa makorongo na upepo, alipita mbele yake akiangalia upande mwingine. Alistaafu, akahamia Maswa kwa mwanawe.

Mama alipofariki, kaka zangu watatu walikaa na kuamua ngitili ikatwe. Mnunuzi wa pamba alikuwa tayari kuikodi yote. Mimi ni binti, na kwetu binti hagawiwi ardhi ya baba. Nilisema, wakanisikiliza kwa adabu, wakaendelea kupanga. Kikao cha mwisho kiliwekwa Jumamosi. Ijumaa nilipanda basi kwenda Maswa.

Nilimkuta amekaa uani kwa mwanawe, amezeeka, miguu imevimba, lakini macho yale yale. Aliniuliza habari za malisho kwanza. Nikamwambia. Kisha nikamwambia ninachotaka: aje aseme mbele ya kaka zangu ng'ombe wake walikula wapi mwaka ule.

"Naweza kuja kuwaeleza faida za ngitili," akasema haraka. "Nina maelezo mazuri. Nina mfano wa kuta za..."

"Hayo wanayajua, Bwana Shamba. Umewafundisha tangu wakiwa wadogo."

Alitazama miguu yake. "Ng'wana," akaniambia, yaani mwanangu, "unajua unachoniomba? Kitu nilichobaki nacho kijijini kwenu ni jina."

Nilimuaga. Nililala kwa ndugu yetu mmoja pale Maswa nikijua nimekwenda bure. Asubuhi nilipofika stendi nilimkuta ameshakaa ndani ya basi, kiti cha mbele, amevaa shati la ofisini ambalo sasa lilimpwaya.

Kikaoni kaka zangu walisimama kumpokea, wakamwita mwalimu, wakamletea kiti chenye mto. Alianza kama alivyoanza siku zote. "Ukiitazama nchi kama Uholanzi..." Kaka mdogo akatabasamu.  Kisha mzee alikatisha mwenyewe, akabaki ameshika magoti yake.

"Mwaka ule wa ukame," akasema, "ng'ombe wangu walikula hapa. Wote kumi na mmoja. Ngitili yangu nilikuwa nimeikata kwa mkono wangu, kwa tamaa ya pamba. Mama yenu akanipa nyasi zenu. Nikawadanganya watu."

Kaka mdogo aliacha kutabasamu. Halafu kaka mkubwa akasema, taratibu kabisa, "Tunajua, Bwana Shamba."

"Mnajua?"

"Kijiji kizima kinajua. Ng'ombe kumi na mmoja hawafichiki kwenye nyasi. Mama alitukataza kukuaibisha. Alikwenda mji kwa mji akiwaomba watu wanyamaze."

Hata mimi sikulijua hilo. Yule mzee aliweka kiganja usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama anacheka au analia. Nadhani alikuwa anafanya yote mawili. Alipoondoa mkono, uso ulikuwa umelowa.

"Basi niaibisheni leo," akasema. "Niaibisheni mpaka mchoke. Ila msiikate."

Kaka zangu walitazamana. Kaka mkubwa alisimama, akatembea mpaka ukingo wa ua, akaiangalia ile safu ya minyaa, upande huu na upande ule. Aliporudi hakukaa.

"Mwambieni mnunuzi atafute kwingine," akasema, kisha akamgeukia Bwana Shamba na kuninyoshea mimi kidole. "Na atakayeitunza ni huyu, aliyepanda basi kukufuata."

Nilitaka kushukuru. Bwana Shamba hakuningoja. Palepale, kamasi bado ziko puani, alianza kunieleza siku ya kufunga na siku ya kufungua, ng'ombe wangapi kwa ekari, tawi lipi halikatwi na kwa nini. Yote nilikuwa nayajua toka utotoni. Nilikaa chini mbele yake, nikamsikiliza mpaka mwisho.